Rangi ya kutia kwenye epoksi: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Kigoda cha mninga kilichopasuka katikati ndicho kilichonifundisha. Nilijaza ufa kwa epoksi, ile gundi ya kuchanganya vimiminika viwili, niliyoitia rangi ya maji ya kahawia, ile ya kuchorea, na nikaimimina kwa wingi kwa kuwa nilitaka ikolee. Kesho yake epoksi ilikuwa na utusitusi kama maji ya mchele. Siku ya tatu ukiibonyeza kwa kidole alama inabaki. Niliikwangua yote kwa patasi, na mbao nzuri ikaondoka nayo. Tangu hapo, kabla sijatoa hela, nauliza swali moja: hii rangi imekorogwa na nini? Maji, tina ya kuzimulia rangi, spiriti, epoksi yenyewe, au ni unga mkavu?

Swali hilo lina uzito kwa sababu epoksi haikauki kama rangi ya ukutani. Inaganda kwa resini, kimiminika chake kikuu, kushikana na hadina, kigandishaji chake, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo: resini moja kwa hadina moja, mbili kwa moja, nyingine tano kwa moja. Kimiminika kigeni kikizidi humo hakipati pa kutokea. Kinabaki ndani na kuilegeza.

Kwa sisi wa Bagamoyo tunaoziba nyufa za milango, vigoda na meza, namba moja naipa oksaidi, unga ule ule ambao mafundi hutia kwenye saruji kupata sakafu nyekundu. Unapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, hata ukitaka kidogo tu, na ni madini ya chuma, ndugu moja na kutu, kwa hiyo jua haliupaushi. Chukua nyekundu, njano na nyeusi. Kwa hizo tatu unapata kahawia karibu zote za mbao zetu. Kasoro yake ni chembe. Usiumwage moja kwa moja kwenye kopo. Weka unga kidogo juu ya kipande cha kigae, dondoshea resini, kisha ukande kwa kisu bapa, ukiburuta na kukusanya, mpaka uwe laini kama rangi ya kucha na usione kidoa. Hapo ndipo uutie kwenye resini iliyobaki, na hadina ije mwisho, ili muda wote wa kutafuta rangi usiwe unakimbizana na kuganda. Na kwa hewa yetu ya bahari, uanike unga juani kwanza, uache upoe. Gramu 2 hadi 5 kwa gramu 100 za epoksi zinatosha kabisa. Ukizidisha sana, kiraka kinakuwa dhaifu.

Namba mbili ni rangi nzito iliyosagwa tayari ndani ya resini, inayouzwa kwa ajili ya epoksi. Kwa ubora ndiyo inayoongoza: haina chembe, haina maji, na tone moja linakwenda mbali. Nimeishusha kwa sababu ya safari ya Kariakoo tu. Ukitaka nyeupe safi au buluu iliyokolea, panda gari uifuate, usihangaike na kingine.

Vumbi la mbao nalo nalipa namba tatu, ingawa halinunuliwi. Liwe lile la msasa, si maranda ya randa, na litoke kwenye mbao ile ile unayotengeneza. Ila jua kwamba epoksi hulifanya lionekane jeusi zaidi ya mbao yenyewe, hivyo jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Vaa barakoa unapolikusanya.

Unga wa maika, ule unaometameta, ni mzuri sana kwenye meza zenye mto wa rangi katikati ya mbao mbili. Kwa kazi hiyo ningeupandisha hadi kileleni. Epoksi ikiwa nyepesi unga huzama chini, basi subiri ianze kuwa nzito kama asali ndipo umimine. Kwenye mlango wa kale wa nakshi usiuweke, tafadhali. Ule mng'ao unaua kazi ya mchongaji.

Wino wa spiriti unatoa rangi angavu inayopenya mwanga, kama kioo. Ununue kwa hereni, vishikio vya funguo na vitu vya ndani. Aina nyingi hupauka juani, kwa hiyo kwenye dirisha linalotazama bahari usiutumie.

Rangi ya maji naiweka karibu na mkia. Matone machache epoksi huyavumilia, lakini machache hayakolezi, na hapo ndipo mtu huongeza na kuharibu. Ya mwisho ni rangi ya mafuta ya milangoni: tina iliyomo huchelewesha kuganda na kuacha kiraka laini.

Jambo moja kuhusu nyeusi. Inapendeza kwenye ufa mwembamba, lakini pengo kubwa linalopigwa na jua la mchana likiwa jeusi hupata joto, na epoksi nyingi huanza kulegea karibu na nyuzi 60 za Selsiasi. Mahali hapo chagua rangi ya mchanga. Na ukifika dukani, omba kopo lifunguliwe ulinuse: likinuka tina, mrudishie muuzaji.