Muhula mmoja melini: uzoefu wangu kwa wanaofikiria kuomba

Tangu nirudi Dar watu wananiuliza maswali yale yale, kwa hiyo nayajibu hapa kwa mkupuo. Kwanza niondoe utata ambao hata mjomba wangu, aliyekula chumvi nyingi pale bandarini, bado anao: sikwenda kusomea ubaharia. Anayetaka ubaharia aende Chuo cha Bahari, DMI, pale Sokoine Drive, wamfundishe. Mimi nilikwenda kusoma masomo ya kawaida ya chuo kikuu, uchumi na historia, ila madarasa yako ndani ya meli ya abiria inayohama nchi hadi nchi. Wazo si geni. Wamarekani waliling'oa nanga mwaka 1963 kwa jina la University of the Seven Seas, na mtoto wake, Semester at Sea, ndiye anayejulikana zaidi hadi leo; hayati Askofu Mkuu Desmond Tutu alisafiri nao zaidi ya mara moja. Siku hizi zipo programu nyingine, hata za meli za matanga. Niliyopanda mimi sitaitaja, maana nina ya kuisifu na nina ya kuisema.

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeibana kwa sababu nitakazozieleza, na nyingi zinahusu pasipoti.

Matangazo yao yote yanakuonyesha nchi: ngamia, piramidi, mnara, machweo. Nchi kweli utaziona, lakini kila moja siku chache tu, mbio mbio, ukiwa na usingizi. Nikihesabu nilichokipata kwa pesa ile, kikubwa kilipatikana baharini, zile siku ambazo huoni chochote isipokuwa maji. Huko ndiko nilikopata marafiki. Kwa hiyo anayeuliza "mlifika nchi ngapi?" ananiuliza swali lisilo na faida sana.

Siku za baharini ni siku za vipindi, hata iwe Jumapili. Meli ikifunga gati, vipindi vinasimama. Mahudhurio yanachukuliwa kwa ukali, na kisingizio cha foleni ya Mbagala hakipo, kwa sababu darasa liko ghorofa mbili juu ya kitanda chako. Ukumbi unaosomea uchumi asubuhi ndio unaochezewa muziki usiku. Bahari ikichafuka, viti vinateleza na mwalimu anashika meza huku anaendelea kueleza mfumuko wa bei. Wanafunzi si peke yao melini: kuna walimu na watoto wao, na kuna wazee wastaafu waliolipa nauli yao kusafiri na kukaa darasani wakipenda. Wale wazee niliwazoeza shikamoo. Bibi mmoja wa Kimarekani alipenda sana kuitikia marahaba, akawa anawangojea vijana mlangoni pa ukumbi wa chakula wampe haki yake.

Kitu ambacho hakuna aliyeniandaa nacho ni saa. Mkielekea mashariki, mnasogeza saa mbele usiku, na kila mara mnapoteza usingizi. Kutoka Cape Town hadi Mauritius zinaondoka saa mbili, na kutoka Mauritius hadi India nyingine moja na nusu, maana Wahindi wana nusu yao. Wiki ile darasa zima lilikuwa na macho mekundu.

Sasa kuhusu marafiki. Siku za mwanzo kila ndege aliruka na mbawa zake. Wamarekani walikaa kwa majina ya vyuo vyao, wenye pesa kwa wenye pesa. Sisi wachache tuliotoka Afrika tulitazamana kwa mbali tukijifanya hatujali. Kilichovunja makundi yale ni intaneti, au tuseme kukosekana kwake. Kila mwanafunzi alipewa kifurushi kidogo cha setilaiti, ujumbe wa maandishi unapita kwa shida, sauti na picha hazipiti kabisa. Watu walivimaliza vifurushi vyao kabla hata hatujavuka Mlango wa Gibraltar kwenda Moroko. Baada ya hapo ukumbi ukaanza kuwa na kelele za watu. Karata zikatoka. Mtu akawa anaulizwa kwao wanapika nini na anajibu kwa nusu saa, na wenzake wanamsikiliza kwa sababu hawana pengine pa kwenda.

Mimi mtaji wangu ulikuwa vidole. Nilianza kwa kumsuka rumeti wangu, binti wa Mexico kutoka Puebla, twende kilioni ya kawaida tu. Kufika jioni kulikuwa na foleni koridoni. Ukimsuka mtu kwa saa tatu, kichwa chake kikiwa mapajani mwako, atakueleza mambo ambayo hajamweleza mama yake. Nikajua nani ameachwa, nani kwao baba na mama wanaachana, nani hajui anasoma ili iweje. Sikulipisha, ila niliwekewa viti na kuchukuliwa chai. Halafu ikaja siku ya kuvuka ikweta, na desturi ya mabaharia tangu zamani ni kwamba anayevuka kwa mara ya kwanza kwa meli anafanyiwa vituko: anamwagiwa maji yanayonuka, anambusu samaki, na wanaotaka wananyolewa kipara. Binti niliyemmalizia kichwa usiku wa kuamkia siku hiyo akaenda kunyolewa. Nusura nilie. Na mimi mwenyewe niliingizwa kwenye kundi la viluwiluwi, ndivyo wanavyowaita wasiowahi kuvuka, mtu niliyezaliwa kusini mwa ikweta! Nikajitetea kwamba nilishavuka kwa basi nikienda Kampala, pale Kayabwe, nahodha akasema basi halihesabiki.

Ukaribu ule una upande wake mwingine. Ukigombana na mtu hamna pa kukimbiliana. Asubuhi utamkuta kwenye uji, mchana kwenye ngazi, usiku kwenye kipindi cha filamu. Wenzangu wengi waliozoea kila mtu chumba chake na gari lake waliteseka sana. Kuna waliofika kwa mshauri wakilia. Mimi nimekulia nyumba ya kupanga Temeke, vyumba sita, ua mmoja, bomba moja, na mama mwenye nyumba asiyelala. Unajifunza kununa bila kuacha salamu. Unajifunza kuomba chumvi kwa mtu mliyetupiana maneno jana. Vijana wa Dar mnaosita kuomba kwa sababu eti hamjazoea maisha ya kizungu, melini mnaanza mkiwa mbele.

Pesa ndiyo iliyotugawa tena, mara hii bandarini. Meli ikifika tu, kuna kundi linaruka kwa ndege kwenda kulala hoteli ya jangwani, na kuna sisi wa kutembea kwa miguu. Cape Town wenzetu walilipia kuzamishwa kwenye vizimba kutazama papa. Sisi wanne, mimi, yule wa Puebla, dada mmoja wa Ghana na kijana mmoja wa Ohio aliyekuwa anasoma kwa mkopo, tulipanda Mlima wa Meza kwa njia ya Platteklip, ambayo ni ngazi za mawe mwanzo hadi mwisho na haina kiingilio. Juu ni zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Tulifika hoi, tukagawana mayai ya kuchemsha tuliyoyatorosha mezani asubuhi. Sidhani wa papa walicheka vile.

Chakula cha melini ni viazi, tambi, kuku mweupe asiyejua limau. Wali upo. Pilipili hakuna. Tulipofika Tema, bandari ya Ghana, mama wa yule dada wa Ghana alisafiri kutoka Kumasi kuja kumwona mwanawe getini, akaleta kenkey (ugali wao wa mahindi yaliyochachushwa), samaki wa kukaanga na mitungi ya shito, ile pilipili yao nyeusi inayopikwa na dagaa na uduvi. Jamani. Mitungi ile ilikaa chini ya meza yetu na ilitufikisha Cape Town. Wakati huo hata wa Ohio alikuwa anaweka kwenye tambi.

Nakuja kwenye pasipoti. Wenzangu wengi waliingia kila nchi kama wanaingia Kariakoo. Sisi ni foleni za ubalozi. Viza ya Schengen ya kwendea Barcelona, tulikopandia, ilinichukua nguvu kuliko mitihani. Afrika Kusini Mtanzania huhitaji viza kwa matembezi mafupi, na ya India unaomba mtandaoni. Lakini Moroko yangu haikutoka kwa wakati, na ofisi ya programu, iliyokuwa imeniahidi kwa barua pepe kwamba "itashughulikia", ilinijibu siku ya kufika kwamba nibaki melini. Wenzangu wakaenda Marrakech. Mimi nikabaki natazama mnara wa msikiti wa Hassan II, mita 210, unaonekana kutoka sitahani kana kwamba unanisogelea. Kwa bei waliyotoza, hilo halina udhuru.

Ila kubaki kulinifungulia mlango mwingine. Meli ikiwa gatini bila wanafunzi ndipo unapowaona wanaoiendesha. Wengi ni Wafilipino, kama zilivyo meli nyingi duniani, na siku ile nikasikia mtu anaimba taarabu kwenye chumba cha kufulia. Nikasimama. Nikagonga. Kaka wa Mombasa, mtu mzima, mikono imejaa mashuka.

"Waelewa Kiswahili, mdogo wangu?"

"Shikamoo kaka. Natoka Dar."

"Marahaba. Watu wa Dar mwajua kuongea, lakini mahamri hamjui."

Tulibishana kuhusu mahamri hadi zamu yake ikaisha. Alikuwa na miezi mingi hajaenda kwao, na mwanawe alianza kutembea yeye akiwa baharini. Baada ya siku ile tulisalimiana kila tulipopishana, lakini kwa haraka, kwa sababu kanuni za melini zinakataza wanafunzi kwenda sehemu za wafanyakazi, na wafanyakazi kukaa sehemu za wanafunzi. Naelewa sababu za kiusalama. Bado ilinikera kwamba mtu pekee niliyeweza kumwita kaka kwa haki ndiye niliyezuiwa kukaa naye meza moja, wakati vipeperushi vyote vinasema melini wote ni familia. Mfuko wangu wa nguo ulikuwa unarudi umekunjwa vizuri kuliko wa mtu yeyote, na rumeti wangu hakuacha kulalamika kuhusu upendeleo huo.

Kichefuchefu mtakipata, msidanganyane. Pwani ya kusini mwa Afrika Kusini ni mbaya. Mkondo wa Agulhas unashuka, mawimbi ya kusini magharibi yanapanda, meli inakaa katikati inapokea. Chagueni kabini ya katikati ya meli, ghorofa za chini. Haina dirisha, ni ya bei nafuu, na haiyumbi sana. Wenye madirisha ya juu walikuja kulala sakafuni kwetu. Wafilipino wanakupa tofaa la kijani na biskuti kavu; mimi niliongeza tangawizi mbichi niliyoinunua Tema, nikawa naitafuna.

Gharama: sahau. Ni zaidi ya ada ya shahada nzima hapa nyumbani, mara kadhaa, kabla hujagusa viza na matembezi. Bila ufadhili nisingemshauri mtu wa kwetu auze kiwanja. Ukipata ufadhili, soma masharti uone kama viza zimo. Mimi zangu nilijilipia mwenyewe, na niliotoka nao Afrika vilevile. Uliza pia kabla hujakubali kama chuo chako cha hapa kitatambua alama zile, la sivyo umesoma bure.

Kundi la WhatsApp la meli nzima lilikufa ndani ya miezi miwili. Letu la watu wanne liko hai, na linapiga kelele. Wa Ohio anajifunza kupika shito kwa simu na mama wa Kumasi, wanaelewana nusu nusu. Wa Puebla anakuja Dar Desemba, ameshaniuliza joto likoje, nikamwambia aje na nguo nyepesi na subira. Kaka wa Mombasa huwa ananitumia salamu akifika bandari yenye mtandao. Mara ya mwisho ilikuwa picha ya mahamri.

Mzigo: chukua kanga mbili (taulo, shuka, pazia la kitanda), achari au pilipili ya chupa iliyofungwa vizuri, dawa zako za kutosha safari nzima, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, dola kidogo za noti mpya. Ubuyu beba mwingi kuliko unavyodhani. Birika la umeme na pasi acha nyumbani, kwa sababu ya moto wanavikamata mlangoni, na yangu sijarudishiwa hadi leo.