Swichi za kuhamisha kebo za maabara: ipi inafaa Kisumu na Nakuru?

Katika maabara ya kupima ruta, swichi na vifaa vya faiba, kupanga nyaya hula muda mwingi kuliko kupima. Jaribio la kukata kiungo huisha kwa dakika chache. Kuzunguka nyuma ya raki ukitafuta poti ya 37, kuchomoa, kuchomeka, kisha kugundua umeshika kebo ya jirani, ndiko kunakomaliza asubuhi nzima. Uchakavu nao haungoji. Tundu la kawaida la RJ45, la kebo ya mtandao ya shaba, limekadiriwa kuchomekwa mara 750, na kiunganishi cha LC cha faiba kwa kawaida mara 500. Poti inayochomekwa mara kumi kwa siku itamaliza LC yake kwa siku 50 za kazi, na baada ya hapo utaanza kulaumu kifaa cha mteja kwa kosa la kiunganishi.

Dawa yake ni kuchomeka kila poti mara moja tu kwenye kifaa cha katikati, kisha kuamuru kwa kompyuta nani aunganishwe na nani. Viko vya aina nne, na bei zake zinapishana sana, kuanzia seva kuukuu hadi mitambo ya makumi ya maelfu ya dola. Tumevipima kwa mambo mawili. La kwanza: kifaa kinachojaribiwa kinaweza kutambua kwamba katikati kuna kitu? Kikitambua, unapima kitu hicho badala ya kifaa chako. La pili limeletwa na mahali tulipo: stima ikipotea alasiri mvua ya Kisumu ikianza, ni miunganisho ipi inabaki, na ipi inarudi yenyewe?

Tuanze na ya bei nafuu: seva ya Linux yenye kadi za mtandao za poti nne nne na programu ya Open vSwitch, inayoifanya seva iwe swichi. Kadi nne zinakupa poti 16 za gigabiti moja, zinatosha darasa la chuo au kampuni ndogo ya intaneti. Usitumie brigi ya kawaida ya Linux, yaani swichi ya programu iliyomo ndani yake. Brigi hiyo humeza fremu za LACP (itifaki ya kufanya viungo kadhaa kuwa kimoja) na za kusimamisha mtiririko, pamoja na za STP (ya kuzuia mizunguko) ikiwa yenyewe inaendesha STP, na faili ya mipangilio ya brigi nzima, group_fwd_mask, hairuhusu kuzipitisha. LLDP, itifaki ya vifaa kujitambulisha kwa majirani, unaweza kuifungulia kwa kuandika 16384 kwenye faili hiyo. Open vSwitch hupitisha zaidi, mradi uiamuru poti kwa poti:

ovs-vsctl set-fail-mode br0 secure
ovs-ofctl del-flows br0
ovs-ofctl add-flow br0 in_port=1,actions=output:2
ovs-ofctl add-flow br0 in_port=2,actions=output:1

Mstari wa pili unafuta kanuni ya kawaida ya kusambaza fremu kwenye poti zote, kama ingali ipo. Ukisahau wa kwanza, kanuni hiyo inarudi programu ikianza upya. Zima LRO (kadi kuunganisha pakiti zinazoingia) kwenye kila kadi, na uweke MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya 9000 au zaidi, la sivyo pakiti kubwa zitapotea kimya.

Mipaka yake ni ya kweli. Fremu za kusimamisha mtiririko huishia kwenye kadi yenyewe, na fremu zenye CRC (namba ya kuhakiki makosa) mbovu hutupwa, kwa hiyo huwezi kupima jinsi kifaa kinavyohimili makosa. Kibaya zaidi ni hali ya kiungo. Kebo ya upande wa A ikikatika, upande wa B bado unaona taa ya kijani, kwa sababu umechomekwa kwenye seva iliyo hai. LACP ya mwendo wa haraka hungoja sekunde 3 kabla ya kukata tamaa, na ya mwendo wa polepole hungoja 90. Ukipima muda wa kuhamia njia ya akiba ukapata sekunde 90, ruta haina kosa. Skripti inayofuata hali ya poti moja na kuzima ya pili husaidia, ingawa baadhi ya madereva ya kadi huacha mwanga ukiwaka hata baada ya poti kuzimwa. Kwa mafunzo na majaribio ya usanidi, seva hii tunaipendekeza bila wasiwasi. Kwa ripoti ya muda wa kuhama, hapana.

Kuna wanaotumia swichi ya kawaida yenye VLAN (mtandao pepe) juu ya VLAN. Ina kasoro zile zile, pamoja na utaratibu wa kila mtengenezaji wa kupitisha itifaki za tabaka la pili. Tuiache.

Aina ya pili ni swichi ya umeme ya tabaka la kwanza. Ina matundu ya SFP, moduli ndogo za kuchomekea kebo, kama swichi yoyote, lakini ndani haisomi fremu. Inachukua biti zinazoingia tundu moja na kuzitoa tundu jingine kwa kuchelewa kwa nanosekunde tu. Uzuri wake mkubwa ni kwamba inachanganya shaba na faiba: tundu hili SFP ya RJ45, lile SFP+ ya LR (faiba ya masafa marefu), na lile jingine kebo fupi ya shaba ya DAC. Pia inaweza kutoa nakala ya poti moja kwenda poti kadhaa, kwa hiyo mashine ya kunasa pakiti unaiunganisha bila kugusa kiungo.

Matatizo yake yako kwenye mwendo. Saketi inayosafisha mawimbi ikifungwa kwenye gigabiti 10.3125 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi halisi ya waya ya Ethaneti ya gigabiti 10, Ethaneti ya gigabiti moja inayokwenda 1.25 haipiti. Wengi hudhani SFP imekufa, kumbe kasi ya poti haikubadilishwa. Kwenye SFP za RJ45, mazungumzo ya kuchagua kasi yanafanyika kati ya kifaa na SFP, hayavuki kwenda upande wa pili. Upande mmoja unaweza kukubali megabiti 100 na mwingine gigabiti moja, taa zote zikawaka, na pakiti isipite hata moja. Lazimisha kasi moja pande zote mbili. Umeme wa PoE, unaopita ndani ya kebo ya mtandao, nao haupiti kabisa, kwa hiyo kamera na antena za Wi-Fi zitahitaji kichomeo chake cha umeme.

Na hali ya kiungo? Nzuri kati yake hukata mawimbi upande wa pili mara tu upande wa kwanza unapokatika. Katika baadhi ya mashine, uwezo huu huja ukiwa umezimwa. Uwashe kwanza, kabla ya jaribio lolote la kuhama njia.

Aina ya tatu ndiyo tunayoipenda kwa maabara inayohudumia faiba ya majumbani na viungo vya gigabiti 100: swichi ya mwanga. Haibadilishi mwanga kuwa umeme. Vioo vidogo vinavyosogezwa kwa umeme (MEMS), au vichwa vya faiba vinavyoelekezwa kwa piezo kama vile vya Polatis, vinatoa mwanga kwenye uzi mmoja na kuuingiza kwenye mwingine. Haijali kama ni gigabiti 1, 10 au 100, wala itifaki gani. Kifaa kikizima leza, upande wa pili unakosa mwanga papo hapo, kama kebo halisi ingefanya.

Kwa kawaida, nyuzi za kutuma za vifaa vyote huingia upande mmoja wa swichi, na nyuzi za kupokea upande wa pili. Vifaa 24 vyenye poti nne kila kimoja ni poti 96, yaani nyuzi 192, na swichi ya 96 kwa 96 inatosha kuunganisha yeyote na yeyote. Kwa kebo nene za MPO za nyuzi 12, hizo ni kebo 16 badala ya msitu wa pachi kodi 96. Kwa kuwa kila mwelekeo unaamriwa peke yake, unaweza kukata A kwenda B ukiacha B kwenda A, na kupima ulinzi wa kiungo cha upande mmoja bila kugusa uzi. Unaweza pia kurudisha mwanga wa poti kwenye poti hiyo hiyo na kujua kama SFP ni nzima. Lakini programu yako ikiamuru mwelekeo mmoja na kusahau wa pili, utapata kiungo kisichoeleweka, kwa hiyo andika amri zote mbili kama kitendo kimoja: ama zote zinafaulu, ama zote zinafutwa.

Fanya hesabu ya mwanga kabla ya kununua: dBm hupima nguvu ya mwanga, dB upotevu wake. SFP+ ya 10GBASE-LR inaruhusiwa kutuma hadi chini kabisa dBm −8.2, na mpokeaji wake anahitaji angalau dBm −14.4. Una dB 6.2 za kupoteza. Weka dB 1.5 za swichi, kisha kila upande kiunganishi cha LC kwa 0.3 na cha MPO kwa 0.5, jumla dB 3.1. Imebaki nusu. Ukiunganisha swichi mbili kwa mfululizo, ya pili inakula dB 1.5 nyingine na unabaki na chini ya dB 1.6, na vumbi la Nakuru la Januari linaweza kuzimaliza peke yake. Swichi za MEMS nyingine hupoteza hadi dB 3, kwa hiyo soma karatasi ya vipimo upande wa thamani ya juu kabisa, usisome ya kawaida.

SFP za SR (za masafa mafupi) za nanomita 850 hazifai hapa. Swichi hizi kwa kawaida zina uzi wa kiini cha mikroni 9, na mwanga unaotoka kwenye kiini cha mikroni 50 hauingii wote humo. Nunua LR kote, hata kwa mita tatu. LR haihitaji kipunguza mwanga kwenye kebo fupi. ER, ya masafa marefu zaidi, inahitaji: hutuma hadi dBm 4.0 na mpokeaji wake huvumilia −1 tu.

Kwa wanaopima vifaa vya GPON (faiba ya majumbani) hali ni kali zaidi. OLT (kifaa cha upande wa kampuni) ya daraja B+ hutuma kati ya dBm 1.5 na 5, na ONU (kifaa cha nyumbani kwa mteja) huzidiwa kuanzia −8. Ukiunganisha moja kwa moja kupitia swichi, ONU inapofushwa. Weka kigawanya mwanga cha 1 kwa 32 upande wa OLT, ambacho hupoteza kama dB 17, ndipo hali ifanane na ya mtaani. Angalia na rangi: viunganishi vya kijani vya GPON vimekatwa kwa pembe, vya bluu havina pembe. Ukivilazimisha pamoja, mwanga unapotea na nyuso zote mbili zinaweza kukwaruzika. Agiza pachi kodi zenye kijani upande mmoja na bluu upande mwingine.

Aina ya nne, roboti inayochomoa na kuchomeka uzi wenyewe, ina sifa moja ambayo nyingine kwa kawaida hazina: stima ikikatika, uzi unabaki ulipo na mwanga unaendelea kupita. Telescent ni mmoja wa watengenezaji wake. Lakini kila badiliko ni la kimakanika na huchukua muda, na maabara inayobadilisha mpangilio mara nyingi kwa siku haitaifurahia. Ni chombo cha kituo cha data ambako kiungo hukaa wiki nyingi.

Hapo ndipo suala la stima linapokaa. Swichi za umeme na za MEMS kwa kawaida hupoteza miunganisho zikizimika. Zikiwaka, nyingine hurudisha ramani ya mwisho na nyingine hukaa tupu zikingoja amri. Swichi ya katikati iwe kwenye UPS (betri ya akiba) yake, tofauti na ya vifaa vinavyopimwa, ili jaribio la kuzima kifaa lisiizimishe nayo. UPS ibebe pia seva inayotoa amri, la sivyo utakuwa na swichi hai isiyo na wa kuiongoza hadi jenereta ishike.

Na radi. Bonde la Ziwa Viktoria ni kati ya maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Kebo ya shaba kutoka jengo hadi jengo isifike kwenye swichi hii kamwe. Faiba haipitishi umeme, lakini waya wa chuma unaoimarisha kebo ya nje unaupitisha, kwa hiyo ukatwe na kufungwa kwenye waya wa ardhi pale kebo inapoingia ndani.

Upande wa programu, usikubali mashine inayoendeshwa kwa ukurasa wa wavuti pekee. Itisha njia ya kuiamuru kwa skripti, kama SCPI, NETCONF au REST. Ramani ya poti ihifadhiwe kwa jina la kifaa, si nambari ya tundu, na kila mpimaji afunge poti zake kabla ya kuzitumia ili mwenzake asizichukue katikati ya jaribio. Kabla ya jaribio kuanza, skripti isome ramani kutoka kwenye swichi yenyewe, isiiamini hifadhidata. Kisha isome mwanga unaopokelewa kwa ethtool -m na majirani kwa LLDP. Kimoja kikitofautiana, jaribio lisianze.

Kabla ya kulipa, mtake muuzaji afanye mambo haya mbele yako: achomoe waya wa umeme kwa sekunde kumi na kuhesabu viungo vilivyorudi, azime poti ya kifaa kimoja na kuonyesha upande wa pili ukianguka, apitishe LACP na fremu za kusimamisha mtiririko, na apime mwanga kwenye poti nane anazochagua mnunuzi. Kwenye bei aliyokupa, uliza kama VAT ya asilimia 16 imo, kama leseni ya programu ni ya kila mwaka, na kama poti zinafunguliwa kwa malipo zaidi. Kwa kampuni ya intaneti ya Kisumu yenye GPON, swichi ya mwanga ya 32 kwa 32 pamoja na seva moja ya Open vSwitch kwa ajili ya shaba inatosha kuanzia. Agiza kalamu za kusafishia viunganishi vya LC na SC pamoja na mzigo huo huo, na kofia za akiba za kufunika kila tundu ambalo bado halina uzi.