Changu wa kupaka mtamu, ila walichomfanyia dada wa watu sirudi

Changu wa kupaka wao sina neno nae, nazi nzito, ukwaju umekolea, wali unaletwa wa moto na bei haiumizi. Mgahawa uko njia ya Raskazone hapa Tanga, jina silitaji maana shauri liko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (wanaoshughulikia migogoro ya kazi) na sitaki kumharibia dada wa watu, mhudumu waliyemwachisha kazi akiwa mjamzito. Ila kwenye huduma nawapa nyota 1.

Huyo dada ndo alikuwa huduma yenyewe. Anajua nani hali pilipili, mzee gani achambuliwe miba, Ijumaa pamejaa mpaka nje na bado hachanganyi oda. Tumbo lilipoanza kuonekana bosi akaanza maneno, mara umekuwa mzito, mara wateja hawapendi kuhudumiwa na mjamzito (wateja gani jamani? sisi tunaokula pale hatujawahi kuulizwa), akamtupa jikoni kwenye moshi aoshe masufuria, mwisho wa mwezi akaambiwa biashara imeshuka tunapunguza watu. Hata wiki haijaisha kuna binti mpya anazunguka na menyu. Biashara iliyoshuka inaajiri?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iko wazi, kumwachisha mtu kazi kisa mimba sio halali, na akijifungua ana siku 84 za likizo yenye malipo, 100 kama ni mapacha. Wakamtisha eti hana mkataba wa karatasi kwa hiyo hana pa kwenda. Uongo mtupu! Kukuandikia masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri, na mkifika Tume yeye ndo anatakiwa athibitishe kwamba alikuachisha kwa sababu halali, sio wewe. Cha kukimbizana nacho ni muda, siku 30 tangu uachishwe uwe umeshajaza fomu namba 1 ya Tume na kuiwasilisha kwao, mnaanza na usuluhishi. Wenzie walimshauri asubiri ajifungue kwanza, angewasikiliza zingepita. Nyie wadada mnaobeba sahani humu mjini hizo siku 30 zishikeni sana.

Mwenye mgahawa ukisoma hii, mrudishe kazini na umlipe mshahara wake. Ofisini kwetu oda za mchana tumeshazihamishia kwa mama mmoja Ngamiani, samaki wake wadogo kidogo ila anapika vizuri.