Parachichi: tupande Hass au Fuerte?
Wakulima wa huku Uganda hawaishi kuulizana hili, na majina yenyewe yanadokeza mengi. Fuerte ni neno la Kihispania, yaani "yenye nguvu": miche yake iliyotolewa Atlixco, Meksiko, ilistahimili baridi kali iliyoipiga California mwaka 1913. Hass ni jina la Rudolph Hass, tarishi wa posta wa California aliyeipatia hataza mwaka 1935.

Kwa soko la nje, Hass inashinda waziwazi. Ganda lake ni nene, lina vipele, na hugeuka jeusi likiiva, hivyo michubuko ya safari haijitokezi. Fuerte hubaki kijani hata likiiva. Mnunuzi hana budi kulibonyeza, na ganda lake jembamba huumia upesi. Tena huzaa sana mwaka huu, mwakani kidogo.

Baridi ni habari nyingine. Mwenye shamba kwenye vilima vya Kabale asiidharau Fuerte. Ukiuza sokoni jirani, ganda jembamba halikusumbui. Ukiwa na msafirishaji anayekusubiri, Hass ndiyo itakayofika salama. Na mwenye nafasi achanganye: maua ya aina hizi hufunguka kwa saa tofauti, zikachavushana vizuri.