Choo cha vitufe viwili, lita 3/6: nimekipima kwa jagi

Natumia choo hiki cha kukaa mwezi wa 14 sasa, maji yanatoka kwenye simtanki iliyo juu ya mnara mfupi. Kinafaa, ila namba za kwenye boksi usiziamini mpaka upime mwenyewe.

Piga alama ya penseli kwenye usawa wa maji ndani ya tangi, funga engo vali (koki ndogo ya maji yanayoingia tangini), flashi, kisha jaza kwa jagi la lita moja hadi kwenye alama. Changu kilimwaga lita 7.4 kwa kitufe kikubwa na 4.3 kwa kidogo, kwa sababu boya, linalofunga maji tangi likijaa, liliachwa juu mno. Tangi lina sentimita 36 kwa 15 kwa ndani, kwa hiyo kila sentimita ya kimo ni kama nusu lita. Nilishusha boya sentimita mbili na nusu, likakaa kwenye 6 na 3. Usishushe zaidi ukidhani unabana matumizi: bakuli la lita 6 ukilipatia lita 5 utaflashi mara mbili.

Marekani, ambako lita 6 (galoni 1.6) ndiyo kikomo cha vyoo vipya vya nyumbani tangu 1994, lebo ya WaterSense (ya vifaa vinavyobana maji) inataka zisizidi 4.8, na choo kisukume gramu 350 za rojo zito la soya kwa kuflashi mara moja. Hicho cha pili ndicho ningependa kukiona kwenye boksi. Langu lilikuwa na lita tu.

Ugonjwa wa choo hiki ni mpira wa vali ya chini, ile inayoachia maji yaingie bakulini. Maji ya kisima yana chumvi, ukoko mweupe unaganda chini ya mpira, na maji yanapita kimyakimya kama uzi nyuma ya bakuli. Mililita 100 kwa dakika ni lita 144 kwa siku, sawa na kuflashi kikubwa mara 24! Yale matangi ya zamani ya saifoni hayakuwa na shida hii, maana maji hayatoki mpaka yapandishwe juu ya kona. Tia rangi ya chakula kwenye tangi, subiri nusu saa bila kuflashi. Ikionekana bakulini, linavuja. Zungusha vali robo mzunguko, ichomoe, loweka mpira kwenye siki, futa pale mpira unapokalia kwa kitambaa. Msasa hapana, utakwaruza plastiki na uvujaji hautaisha.

Tangi lilikuwa linajaa kwa dakika sita. Simtanki ikiwa mita tatu juu ni presha ya kama 0.3 bar tu, na vali ya kujazia ilikuja na kizibo chenye tundu dogo la presha kubwa. Nilikitoa, sasa ni dakika mbili.

Vidonge vya klorini vya kutumbukiza kwenye tangi achana navyo, vinakakamaza mpira. Vya bluu navyo vinaficha kipimo cha rangi.