Programu za kuweka uakisi kwenye renda: kabla hujatoa hela, pima taa

Mwezi uliopita nilipeleka renda, yaani picha iliyotengenezwa na kompyuta, ya ukumbi wa ofisi, sakafu ya terazo iliyosuguliwa ikasuguliwa tena. Mteja akaitazama, akauliza, "Dada, haya madoa ya kijivu sakafuni ni maji?" Ulikuwa uakisi wa taa za dari.

Programu niliyotumia niliuziwa na kijana mmoja wa mtandaoni kwa shilingi 60,000, eti leseni ya maisha. Ilifanya kazi kwa biti 8 tu, yaani mwanga wa kila rangi una ngazi 0 hadi 255 basi, jambo ambalo sikuuliza, naye hakusema.

Wepesi na wingi wa brashi mtasoma kwingine. Mimi nina swali moja: taa inabaki taa ukiififisha? Kwenye biti 8, nyeupe inagota 255. Punguza leya (tabaka la picha) ya uakisi hadi asilimia 20, taa inashuka mpaka 51, yaani majivu. Kwenye EXR, faili la picha la biti 32 linalotunza mwanga uliozidi nyeupe, taa hiyohiyo yaweza kuwa na thamani ya 10, ambapo 1 ndiyo nyeupe ya skrini. Asilimia 20 yake ni 2. Bado inawaka, ilhali ukuta na viti vilivyo pembeni yake vimefifia kama inavyotakiwa kwenye terazo.

Ya kwanza kwangu ni Affinity, na sifichi upendeleo. Inafungua EXR yenye leya nyingi kutoka Blender, programu ya kutengenezea renda, kila leya inakaa mahali pake, na unaendelea na biti 32 bila kubanwa. Zidisha leya za mng'ao kwa leya ya rangi ya mng'ao huo, kisha zijumlishe juu ya picha, usizifunike tu. Canva waliinunua mwaka 2024, na tangu Oktoba 2025 inatolewa bure ukiwa na akaunti yao. Kwa hiyo anayekuuzia "leseni" yake leo anakuuzia hewa.

Ya pili ni Photoshop. Kujumlisha mwanga kwa biti 32 inaweza, ila modi kadhaa za kuchanganya leya zinatoweka, Screen ikiwemo, ambayo wengi wetu tumeizoea. Na leya za EXR haikutenganishii mpaka uongeze programu-jalizi. EXR-IO ni ya bure. Kinachoniudhi ni malipo. Tangu 2013 mambo ni ya kukodi: mwezi huna kazi, kadi inakatwa, dola ikipanda, unapanda nayo. Fundi seremala hakodi randa yake.

GIMP ni ya bure na biti 32 inazo. Kwangu ni ya tatu. Photopea, ya kwenye kivinjari, itumie kwa bango la harusi.

Kosa jingine halitibiki kwa kununua: kupindua picha juu chini na kuiita uakisi. Sakafu inaiona meza kwa chini. Kama renda yako haikutoa leya ya uakisi, rudi ukairendi upya.

Ukikutana na muuzaji, mwombe afungue EXR mbele yako, afifishe leya hadi 20, muitazame taa pamoja. Wa kwangu, leseni yake ya maisha ilikufa wiki ya tatu. Nimemwandikia mara nne. Tiki mbili za bluu, kimya.