Samaki wa Ijumaa Milwaukee, na vitambulisho mezani

Tulifika hapa tukitokea Dallas, mimi, mume wangu na mdogo wake wa miaka 19 aliyeingia juzi kutoka Nakuru. Samaki wa kukaanga wa Ijumaa, desturi ya jimbo hili la Wisconsin, alikuja moto, ganda linavunjika mdomoni. Kachumbari ya kabichi ilizidi sukari.

Lakini nyota tano ni za mhudumu. Leseni zetu za udereva za Texas alizikagua kwa makini, akalinganisha picha na sura, ndipo akaleta bia. Shemeji akatoa kitambulisho cha Kenya: kwetu miaka 18 inatosha! Dada yule akamweleza taratibu kwamba Marekani ni 21. Wisconsin kijana anaweza kunywa akiwa na mzazi, mlezi wa kisheria, au mume au mke aliyetimiza umri huo, na hata hapo mwenye baa ana hiari ya kukataa. Kaka hahesabiki. Hakumwaibisha hata kidogo, akamletea soda ya tangawizi yenye barafu. Nilimpenda kwa hilo.

Wageni wa kutoka nyumbani, bebeni pasipoti yenyewe, si picha kwenye simu. Meza za dirishani hujaa mapema.